Yawakutayo waanzao karate

Ukipita mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa baada ya sala ya alasiri, hukosi kuwaona vijana wawili watatu wakienda mbio mbio, kila mmoja na kifurushi cha nguo nyeupe kilichofungwa kwa mkanda na kuning'inizwa begani. Wazee walioketi barazani huwatupia jicho na kuulizana, "Hawa nao wanakwenda kupigana na nani?" Swali hilo nimeulizwa mimi pia mara nyingi, tena kwa kejeli zaidi, maana mimi si kijana. Nilijiunga na darasa la karate nikiwa na miaka 42, tumbo limetangulia mbele, na sasa nimo katika mwaka wa tatu. Kwa hiyo nitakayoyaeleza hapa ni maneno ya mwanafunzi, si ya bingwa.

Shauku ya mchezo huu ililetwa kwetu na sinema. Katika miaka ya 1970 filamu za Hong Kong zilijaza watu katika majumba ya sinema, na jina la Bruce Lee likawa mdomoni mwa kila mtoto. Yeye alifariki tarehe 20 Julai, 1973, akiwa na umri wa miaka 32, kabla filamu yake mashuhuri, Enter the Dragon, haijaanza kuonyeshwa. La ajabu ni kwamba hakuwa mtu wa karate. Alijifunza Wing Chun, ambao ni mchezo wa Kichina, kisha akatunga njia yake mwenyewe. Vijana wa leo huyaona mateke yale yale katika simu zao, na huja ukumbini na tamaa ile ile waliyokuwa nayo baba zao na babu zao: kwamba wiki ya kwanza wataruka, na ya pili watavunja matofali.

Wanachokikuta ni kusimama. Ndiyo, kusimama tu! Mwalimu humwambia mgeni atanue miguu, apinde magoti kama aliyepanda farasi, mgongo wima, mikono kiunoni, na akae hivyo hivyo. Baada ya dakika moja mapaja huanza kuwaka moto. Baada ya mbili, jasho latiririka machoni na hakuna ruhusa ya kulipangusa. Kisha huanza kupiga ngumi hewani, moja moja, kwa hesabu ya Kijapani: ichi, ni, san, shi, mpaka kumi, halafu tena kumi, na tena. Siku hiyo kijana hushuka ngazi za nyumbani kwao kinyumenyume. Wengi hawarudi. Kati ya wanafunzi 11 walioingia mwezi mmoja nami, tumebaki watatu.

Waliobaki, naamini, walibakizwa na kahawa. Darasa likiisha huwa hatutawanyiki. Twakaa nje kwenye baraza, muuza kahawa atupitie na dele lake, na hapo ndipo darasa la pili linapoanza. Yuko kuli wa bandarini mwenye mkanda wa kahawia, yuko fundi cherehani, wako watoto wa shule ya upili ambao huniita Ami, na kila mmoja ana lake la kumwambia mgeni. Mengi niliyofaidika nayo niliyapata hapo barazani, si ndani.

La kwanza ni nguo. Mgeni hutaka kununua suti mpya ya bei ghali hata kabla hajajua kama ataliweza zoezi. Ngoja, bwana. Suruali pana na fulana zatosha miezi miwili, na zipo suti zilizovaliwa na kakake fulani zikamwacha, ambazo hupita mkono kwa mkono. Fundi cherehani wetu huzitia viraka kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa. Kata kucha za mikono na za miguu, kwani ukucha mrefu hukata kama wembe. Vua pete na saa. Kula saa mbili kabla, wala si biriani. Na mkanda wako uufue kama nguo nyingine. Kuna uvumi ati mkanda haufuliwi, kwamba zamani mkanda mweupe uligeuka mweusi kwa jasho na uchafu wa miaka. Hiyo ni hadithi tu, na ukumbi wenye watu 30 hauhitaji hadithi yenye harufu kama hiyo.

Habari ya kweli ya mikanda ni hii. Jigoro Kano, mwalimu wa Kijapani aliyeanzisha judo mwaka 1882, ndiye aliyeanza kuwatenga wanafunzi wake waliobobea kwa mkanda mweusi. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka kisiwa cha Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliuchukua mpango huo kwa Kano, na mwaka 1924 akawapa wanafunzi wake mikanda myeusi ya kwanza. Hizi rangi nyingi, manjano na machungwa na kijani, zilienea huko Ulaya katika miaka ya 1920 na 1930, kwa kuwa Wazungu walitaka kuona dalili ya maendeleo yao mapema. Basi kijana akininunia kwamba fulani amepata manjano na yeye bado, mimi humwambia kwamba Wajapani wa kwanza walikaa na nyeupe miaka na wasife.

Kuhusu majeraha nitasema kidogo, kwa sababu hapa kwetu kuna ada inayodhuru. Mtu akiteguka kifundo, jioni ile ile hupelekwa kukandwa kwa mafuta ya moto. Siku ya kwanza kinachotakiwa ni barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 15 au 20, kisha bendeji, na mguu uinuliwe juu ya mto. Kukanda kungoje. Na aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu au akasahau kitu, asirudi kwenye zoezi siku hiyo hata akiapa kwamba yu mzima. Apelekwe kwa daktari.

Sasa nifike kwenye jambo lililotushughulisha zaidi kuliko mateke yote, nalo ni kuinama.

Karate huanza na kwisha kwa heshima. Katika kumbi nyingi wanafunzi hupiga magoti katika safu, huweka viganja sakafuni na kuinamisha vichwa, mara moja kuelekea mbele, ambako mara nyingi hutundikwa picha ya mwanzilishi, na mara nyingine kwa mwalimu. Kwa Wajapani kuinama ni salamu, kama sisi tunavyopeana mikono. Muuza duka humwinamia mnunuzi. Lakini mzazi wa Kiislamu akichungulia mlangoni, akamwona mwanawe amepiga magoti, paji la uso likikaribia sakafu, na mbele yake picha ya mzee wa Kijapani, je, ataona nini?

Hayo ndiyo yaliyotokea kwetu. Alikuja mzee mmoja, seremala wa papa hapa mjini, kumtazama mwanawe wa miaka 14, ambaye nasema bila kumpamba kwamba alikuwa hodari kuliko sisi sote wa mkanda wetu. Mzee alisimama mlangoni mpaka safu ikainama. Hakupiga kelele. Alingoja salamu ziishe, akavua viatu, akaingia, akamshika mtoto mkono. Akamwambia mwalimu, "Mwalimu, nakushukuru kwa uliyomfunza. Lakini sisi hatuinamii picha." Wakaondoka. Mtoto hakutazama nyuma, ila nilimwona akijifuta macho kwa mkono wa suti.

Wiki tatu zile barazani hapakuzungumzwa jingine. Mwalimu wetu ni Mkristo kutoka Taita, mtu mpole, na jambo lile lilimuuma kwa kuwa hakulikusudia. Wengine wetu tulisema picha ishushwe na magoti yaachwe. Kuli akapinga, naye ni Mwislamu kama sisi. Hoja yake haikuwa dhaifu: mchezo huu si wetu, tumeupokea na ada zake, na tukiikata ada moja leo, kesho atakuja mwingine na mkasi wake akate nyingine, mpaka tubakiwe na mateke matupu. Fundi cherehani akamjibu kwamba hata kirumbizi tunachokicheza Lamu siku za Maulidi kina adabu zake, na mchezaji wa fimbo humheshimu mwenziwe bila ya kumsujudia. Mimi si mwanachuoni na siwezi kutoa fatwa. Tulimwendea maalim mmoja, akatuuliza maswali mengi kabla ya kujibu: mwainama kiasi gani, mbele ya nani, na nyoyoni mnakusudia nini? Kisha akatushauri tuyaache yenye sura ya ibada, maana salamu ina njia nyingi.

Mwalimu aliishusha picha kwa mikono yake mwenyewe na kuitia kabatini. Tangu siku hiyo twasimama wima, twaweka mkono wa kulia kifuani, twatazamana machoni, basi. Kuli alinung'unika mwezi mzima, na mpaka leo akiwa peke yake huinama kidogo.

Mtoto alirudi, lakini jambo halikuishia hapo. Katika mashindano waamuzi hutaka mchezaji amwinamie mwenziwe akiwa amesimama, na kanuni hiyo hatuwezi kuibadilisha sisi. Baba yake alikubali mazoezi akakataa mashindano. Kwa hiyo kila msimu twamwacha nyuma mtu wetu bora, na twaenda na wasiomfikia nusu. Nimejaribu kuzungumza na yule mzee mara mbili. Nadhani kuinamisha kichwa kidogo umesimama si sawa na yale ya mwanzo, na nilimwambia hivyo. Alinisikiliza, akanimiminia chai, akasema, "Mwanangu ni amana kwangu, si kwako." Sikuwa na jibu, na sijalipata.

Kijana mwenyewe hulipa uchungu huo kwa kuwafunza wadogo. Yeye ndiye anayewaonya wasipige usoni, na huwakumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alikataza kupiga uso. Huwaambia pia ile hadithi maarufu kwamba mwenye nguvu si yule awaangushaye watu katika mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika. Funakoshi naye alisisitiza kwamba mtu wa karate hanyanyui mkono wa kwanza, na kata zile tano za Heian anazofunzwa mwanagenzi zote huanza kwa kinga, si kwa pigo. Mwaka jana mmoja wa wadogo hao alitukanwa sokoni na kusukumwa, akarudi nyumbani bila ya kurusha ngumi. Wenziwe walimcheka. Barazani tulimnunulia kahawa, ingawa ni mtoto na hakuipenda.

Wako pia wanaouliza kuhusu wasichana. Darasa lao lipo, Jumamosi asubuhi, mlango umefungwa, na mwalimu wao ni mwanamke. Suti ya karate ni pana na ina mikono mirefu, na shirikisho la karate la dunia sasa huruhusu kitambaa cha kichwa katika mashindano. Haikuwa rahisi hivyo zamani. Katika Olimpiki za London mwaka 2012, Wojdan Shaherkani wa Saudia, msichana wa miaka 16, aliruhusiwa kucheza judo na kichwa chake kimefunikwa baada ya mabishano makubwa. Alikuwa na mkanda wa buluu tu, akaingia kati ya wenye mikanda myeusi, na pambano lake halikufika hata dakika moja na nusu. Wapo waliomcheka. Wanagenzi wetu wa Jumamosi humtaja kwa jina.

Ramadhani hatufungi ukumbi, ila twabadilisha saa. Walio na nguvu hufanya kata polepole saa moja kabla ya magharibi, bila kuruka wala kupigana. Wengine huja baada ya tarawehe, wameshakunywa maji ya kutosha. Sambusa za kufuturu zisizidi tatu kwa atakaye kupiga teke usiku huo. Huo ni ushauri wa kuli, naye mwenyewe hula saba.