Kiyunani, Kilatini na Haki ya Msomaji wa Pwani

Iko elimu moja katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, na katika vichache vya Afrika, ambayo watu wetu aghalabu huisikia kwa jina tu, na wakisha kuisikia huidhania kuwa ni pambo la wana wa matajiri au shughuli ya mapadre: nayo ni elimu ya lugha za Kiyunani na Kilatini, pamoja na ushairi, tarehe, falsafa na sanaa za mataifa mawili yaliyozitumia lugha hizo katika zama za kale. Dhana hiyo haikuzuka pasipo sababu. Kwa karne nyingi lugha hizi zilikuwa kizingiti cha vyuo vya Uingereza; Oxford haikuondoa sharti la Kiyunani kwa wanaotaka kuingia hadi mwaka 1920, wala sharti la Kilatini hadi 1960, na wengi katika mabwana waliopelekwa kutawala makoloni walikuwa wamelelewa kwa vitabu hivyo hivyo. Lakini elimu haigeuki milki ya mtu kwa kuwa aliwahi kuushika ufunguo wake, na mimi nasadiki kwamba msomaji wa Kiswahili anayo haki katika elimu hii, tena haki ya kale kuliko anavyodhani.

Kwanza na tutazame yanayofanyika humo. Huko Oxford masomo haya huitwa Literae Humaniores, nayo huchukua miaka minne, ilhali shahada nyingi za chuo hicho humalizika kwa mitatu. Sehemu ya kwanza, ambayo wenyewe huiita Mods, hutahiniwa katika muhula wa tano, na zaidi ni ya lugha na fasihi. Kwa desturi nguzo zake ni tenzi mbili kubwa, Iliad ya Homer, yenye mistari zaidi ya 15,000, na Aeneid ya Virgil, inayokaribia 10,000. Sehemu ya pili, iitwayo Greats, humwingiza mwanafunzi katika falsafa ya Plato na Aristotle, ambao waandishi wa Kiarabu walituzoeza kuwaita Aflatuni na Aristu, na katika tarehe ya dola za kale, fasihi na akiolojia. Mihadhara ipo, lakini moyo wa mafunzo ni ile saa ya kila juma ambayo mwanafunzi, peke yake au pamoja na mwenziwe, huketi mbele ya mwalimu na insha aliyoiandika, akaulizwa kwa kila analolidai amelitoa wapi. Asiyewahi kuzisoma lugha hizi shuleni hafungiwi mlango. Ziko njia za kumwanzisha tangu herufi ya kwanza katika zile 24 za Kiyunani.

Lugha zenyewe ndizo jasho la miaka ya mwanzo. Katika Kilatini mtu aweza kusema puer puellam videt, yaani mvulana anamwona msichana, kisha akamtanguliza msichana na kumweka mvulana nyuma yake, na maana isibadilike hata kidogo, kwa kuwa aonaye na aonwaye hujulikana kwa mwisho wa neno, si kwa mahali lilipokaa. Aliyefundishwa nahau ya Kiarabu msikitini, akahifadhi jinsi irabu ya mwisho inavyogeuka kwa kadiri ya kazi ya neno katika sentensi, haoni ajabu hapo. Na katika vitenzi Mswahili yumo nyumbani kwake: Mrumi alisema amavissent kwa neno moja, nasi husema wangalipenda kwa neno moja, pale ambapo Mwingereza hutaka maneno manne. Kiyunani ndicho kinachowakatisha wengi tamaa, kwa wingi wa sura za vitenzi vyake, hata iko moja maalumu kwa jambo linalotamaniwa. Mwanzoni mistari 20 humaliza usiku, huku kamusi ya Liddell na Scott, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1843 na hata leo haijaachwa, ikifunguliwa na kufungwa bila kukoma. Mwendo huo wa pole siuhesabu kuwa hasara. Mtu aliyezoea kulipima kila neno kabla ya kulipita hahadaiki upesi, wala kwa gazeti wala kwa hotuba.

Wala vitabu vya mabingwa si yote asomayo. Mwaka 1896 vijana wawili wa Oxford, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, walianza kuchimba majaa ya mji wa kale wa Oxyrhynchus huko Misri, mahali paitwapo leo al-Bahnasa, wakatoa vipande vya mafunjo kwa malaki, ambavyo vimekuwa vikichapishwa tangu 1898 hata juzuu zimezidi 80, na kazi ingali mbali na kwisha. Mchanga mkavu ulikuwa umehifadhi mashairi yaliyodhaniwa kuwa yamepotea, na pamoja nayo stakabadhi, mikataba, hesabu za kodi na barua za watu wa kawaida. Iko barua ya mtoto aitwaye Theon, aliyekasirika kwamba baba yake amemwacha nyuma na hataki kumchukua Iskandaria: anaapa kwamba hatamwandikia tena wala hatamsalimu, na asipoitwa hatakula wala hatakunywa, na Kiyunani chake kimejaa makosa ya imla, kama ya mtoto yeyote aandikaye moyo ukiwa umefura. Huyo alikuwa mtoto wa Misri, katika bara hili letu, na mwanafunzi aliyezoea fasaha ya Plato hupata kwake Kiyunani cha nyumbani, kilivyotoka vinywani mwa watu.

Na wanaosema kwamba kuyatunza maandishi ya Wayunani ilikuwa kazi ya Wazungu peke yao wameisahau Baghdad. Katika karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo aliyewatumikia makhalifa wa Bani Abbas, alivifasiri kwa Kisiryani na Kiarabu vitabu vya Galen, yule Jalinusi wa matabibu wa zamani. Na kabla ya kufasiri alizikusanya nakala za kitabu alizoweza kuzipata, akazilinganisha, akatenga lililo sahihi na lililoharibiwa na wanakili. Ameeleza mwenyewe jinsi alivyokisaka kitabu kimoja cha Galen katika Iraki, Sham, Palestina na Misri hadi Iskandaria, asipate ila karibu nusu yake huko Dameski. Kulinganisha nakala namna hiyo ndiko afundishwako mwanafunzi wa leo.

Afrika Magharibi waliishika elimu hii mapema. Vyuo vya Legon na Ibadan, vilivyoanzishwa mwaka 1948, viliipa nafasi. Alexander Kwapong, aliyeisoma Cambridge na kuifundisha Legon, akawa Mghana wa kwanza kuwa makamu mkuu wa chuo hicho mwaka 1966, na Wole Soyinka alisoma Kiyunani Ibadan kabla ya kuisuka upya tamthilia ya Euripides, Bacchae, iliyochezwa London mwaka 1973. Kwetu, Samuel Mushi alitupatia Mfalme Edipode mwaka 1971, tamthilia ya Sophocles kwa Kiswahili, kazi ninayoiheshimu sana.

Lakini haki niliyoitaja haionekani mahali popote wazi kuliko katika kijitabu kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kisichokuwa na jina la mwandishi, ambacho aliyekiandika alikuwa mfanyabiashara wa Misri mwenye kutumia Kiyunani, yapata katikati ya karne ya 1 baada ya Nabii Isa. Sura zake ni 66, nyingi fupi, na katika hizo sura ya 15 hadi ya 18 zinahusu mwambao huu, alioujua kwa jina la Azania. Humo mna maelezo ya kale kabisa ya pwani yetu yaliyobaki mikononi mwa watu. Twasoma habari za kisiwa cha Menouthias, chenye miti mingi, ambacho watu wake walivua samaki na kasa kwa mitumbwi na kwa vyombo vilivyoshonwa kama mitepe ya Lamu, wakitega vikapu badala ya nyavu, kama wavuvi wetu wategavyo madema. Twasoma habari za Rhapta, soko la mwisho la mwambao, lenye pembe za ndovu na magamba ya kasa, lililokuwa chini ya mtawala wa Arabuni. Na kwamba manahodha Waarabu waliokwenda huko walikuwa wameoana na wenyeji, wakaijua nchi na lugha yake.

Nakala kuu iliyobaki, ya karne ya 10, imehifadhiwa Heidelberg, Ujerumani, nayo ina makosa mengi ya mnakili. Katika sura ya 16, pale mwandishi anapoeleza ni watu gani waliokaa katika nchi hiyo, pana neno moja lililoharibika. Wilfred Schoff, Mmarekani aliyekifasiri kitabu mwaka 1912, alifuata usomaji unaowafanya watu hao wenye miili mikubwa kuwa maharamia. Lionel Casson, katika tafsiri yake ya 1989, alifuata usomaji mwingine unaowafanya kuwa wakulima. Ni tofauti ya herufi chache tu, nayo yatosha kugeuza sifa ya taifa zima. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyetegemea tafsiri ya Schoff, na kwa zaidi ya miaka 70 ilikuwa ndiyo iliyoenea, alijifunza kwamba wazee wa mwambao wake waliingia katika tarehe ya dunia wakiwa wanyang'anyi wa baharini, naye hakuwa na njia ya kumhoji mfasiri, maana hoja haikuwa katika Kiingereza bali katika Kiyunani, na Kiyunani hakuwa nacho.

Sisemi kwamba vijana wetu waache utabibu na uhandisi wakakimbilie Homer. Nasema wapatikane wachache katika kila kizazi, wenye subira na mapenzi ya lugha, watakaopelekwa kujifunza Kiyunani na Kilatini barabara, kisha warudi wakae karibu na wanaakiolojia wetu. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechimba kwa miaka mingi katika pande za Rufiji na Mafia akitafuta athari za biashara hiyo ya kale, na mahali ilipokuwa Rhapta pangali panabishaniwa hata sasa. Ubishi huo hauamuliwi kwa jembe peke yake. Sehemu yake imo katika hesabu ya siku za safari aliyoiandika yule mfanyabiashara, na hizo sura nne, kwa mtu aliyesoma Kiyunani miaka miwili, ni kazi ya jioni chache.