Sambaza wabichi hawangoji

Katika mkutano wetu uliopita mmoja aliuliza: mbona siku hizi hatualikani tena? Tulicheka kidogo, halafu tukanyamaza. Kila mmoja alijua jibu la nyumbani kwake. Tangu benki zilipofungwa mwaka 2025, franga imekuwa ngumu kuiona, na mwenye kualika anaogopa aibu ya chungu kidogo. Hata mwenye kualikwa anaogopa: nitaingiaje kwa mwenzangu mikono mitupu? Basi kila jamaa inakula nyuma ya mlango wake, na watoto wetu wanakua bila kujua majirani wanapika nini.

Tukapatana tujaribu Jumamosi moja, kwa chakula ambacho ziwa letu linatupa karibu: sambaza. Kila mama alete kitu kimoja. Huyu makala, yule unga wa muhogo, mwingine lengalenga, mwingine mafuta na ndimu. Wawili wetu wangeshuka kununua samaki.

Anayekaa upande wa Muhumba anajua sauti za wavuvi. Jioni wanatoka wakiimba, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, na usiku taa zao zinafanana na mji mwingine juu ya maji. Sambaza wanafuata taa. Ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu wanakuwa haba sokoni na bei inapanda: mwanga umetawanyika kila mahali na samaki nao wametawanyika. Sisi tulichagua siku za giza makusudi.

Wazee wetu wengine wanakumbuka ziwa bila samaki huyu. Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Vitoto vyake vililetwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Viliwekwa pamoja na vya samaki mwingine wa jamii yake, lakini ni sambaza peke yake aliyedumu. Kwa hiyo sambaza wetu na ndagala mkavu anayetoka Uvira ni ndugu. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 485 hivi, lakini hewa ya kupumua haifiki chini ya mita 60 au 70. Huko chini maji yamejaa gesi. Samaki wote tunaokula wanaishi katika tabaka hilo la juu, kama familia kubwa katika nyumba ya chumba kimoja.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa pwani. Sambaza wa usiku huo wanang'aa kama sahani mpya, macho yao ni maangavu, na tumbo halijapasuka. Akiisha kulainika na tumbo limefunguka, mwache, hata kama muuzaji anakuita dada mara kumi. Pembeni kulikuwa na beseni ya samaki wadogo sana, wembamba kama majani, kwa bei ya nusu. Hapo ndipo tulipogombana kidogo. Mmoja alisema: tukichukua hao, watu wote watashiba. Kweli. Lakini hao ni watoto wa sambaza, na wamevuliwa karibu na ukingo kwa chandarua cha mbu. Sambaza anazaa karibu na ukingo. Ukivuta chandarua pale, unabeba mavuno ya miezi inayokuja ndani ya beseni moja. Tulinunua wakubwa, kidogo kuliko tulivyotaka, na mwenzetu alinuna mpaka nyumbani. Hatumlaumu. Mwenye watoto saba anahesabu sahani kwanza, ziwa baadaye.

Nyumbani mbabula mbili zilikuwa zimewaka. Tukaosha, tukatia chumvi na ndimu, tukapaka unga, tukamimina samaki wengi katika mafuta kwa mara moja, maana tulikuwa na haraka. Matokeo yake ni uji. Samaki walishikana, unga ukaachana nao, mafuta yakatoa povu. Tulitazamana.

Wakati huo tukaona kwamba mama mmoja hayupo. Ni mgeni katika avenyu yetu, alikimbia kutoka upande wa Kalehe na sasa anakaa kwa dada yake pamoja na watoto. Alikuwa amemtuma binti yake kusema anaumwa kichwa. Mmoja wetu, ambaye ana ulimi mkali lakini moyo mzuri, akasema: haumwi kichwa, anaumwa sheria yetu. Tulisema kila mtu alete kitu. Yeye ataleta nini?

Tulipata haya. Tulikuwa tumeondoa aibu ya mwenye kualika na kuiweka yote juu ya mwenye kukosa. Mmoja akachukua beseni ya samaki waliobaki, akaenda nayo mpaka mlangoni kwake, akamwambia: mama, tumeharibu, tunahitaji mikono. Hakutaja kichwa, wala chakula.

Alikuja. Yeye amezaliwa ukingoni mwa ziwa, na vidole vyake vinajua. Wale wakubwa aliwaminya tumbo kwa kidole gumba, uchafu ukatoka mara moja. Wadogo aliwaacha wazima. Aliwaosha kwa maji mawili, akawatandaza juu ya kitambaa safi mpaka wakauke. Hapo ndipo tulipokosea: unga haushiki samaki mwenye maji. Chumvi aliitia mwisho, karibu na kukaanga, kwa sababu ikikaa inatoa maji tena. Unga kidogo tu, akaukung'uta. Mafuta alingoja yawe moto kabisa, akajaribu kwa samaki mmoja, kisha akatia konzi moja, si zaidi, na hakugeuza mpaka waliposhikana ngozi. Walitoka wakilia mdomoni, na kichwa kinalika chote. Ule uji wetu hakuutupa. Aliutia katika nyanya, kitunguu na pilipili, ukawa mchuzi wa watoto, na bugali ilikwisha upande wao kwanza.

Watoto nao walileta mchango wao: kaa mmoja ndani ya kopo, waliyemtoa kwenye mawe ya ziwa. Walitaka tumpike kama watu wa Mombasa na Zanzibar wanavyopika kaa wa bahari. Kaa wa kwetu ni mdogo, ganda tupu, na kwetu si desturi kumla. Tuliwaambia kwamba aina mojawapo ya kaa wa huku wataalamu wameipa jina la Idjwi, na walifurahi kana kwamba kisiwa ni chao. Kwa anayependa kumla, ajue kwamba kaa wa maji baridi anaweza kubeba mnyoo unaoingia katika mapafu ya mtu, kwa hiyo apikwe mpaka aive kabisa. Huyu wetu alirudishwa kwenye mawe na msafara wa watoto tisa.

Tulikula uani, sahani kubwa mbili, wakubwa kwa vidole na watoto kwa kelele. Aliyenuna asubuhi alisahau kununa. Yule mama wa Kalehe alizungumza kidogo juu ya nyumba yake kule, mlango ulioelekea maji, kisha akauliza ni nani aliyeleta lengalenga, maana zilikuwa na chumvi nyingi. Ilikuwa kweli, na mwenye lengalenga ndiye anayeandika hapa pamoja na wenzake.

Safari ijayo ni Jumamosi baada ya mwezi kupungua. Tumefuta ile sheria ya kila mtu alete kitu. Makala yamekwisha kuahidiwa, unga pia. Mwenye mafuta bado anatafutwa, na kazi ya kukaanga imekwisha kupata mwenyewe.