Nondo wa Mchana na Fasili ya Neno "Nondo"

Katika Kiswahili, nondo huzoewa kutengwa na kipepeo kwa kigezo cha wakati: kipepeo huruka mchana, nondo huruka usiku. Kigezo hiki ni chepesi kukumbukwa, lakini yuko mdudu akivunjaye. Huyo ni Cephonodes hylas, aliyeelezwa na Linnaeus mwaka 1771, apatikanaye Afrika na Asia. Huruka mchana kweupe. Mwili wake ni mnene wenye manyoya, mabawa yake ni maangavu kama kioo, naye huvuma. Amwonaye kwa mara ya kwanza hudhani ni nyuki.

Hata hivyo, dalili za kumtambua zipo. Kwanza, nyuki hutua juu ya ua. Mdudu huyu huelea hewani mbele ya ua na kufyonza utamu wake kwa mrija mrefu, ambao huuviringa chini ya kichwa amalizapo. Pili, vipapasio vya nyuki vimepinda mfano wa kiwiko. Vyake havina pindo hilo, bali hunenepa kuelekea nchani. Tatu, hana vikapu vya chavua miguuni, wala hana mwiba. Nne, kiwavi wake ana pembe mkiani, na hula majani ya mbuni. Buu wa nyuki hulelewa ndani ya mzinga.

Dalili iliyo nzito zaidi imefichika. Mabawa yake huanza yakiwa na magamba madogo, kama ya nondo wote, nayo hupukutika aanzapo kuruka, yakabaki machache kingoni.

Basi, msemaji amwitaye nyuki si mjinga. Hutumia vigezo vimfaavyo: mvumo, umbo na hofu ya kuumwa. Lakini mtunga kamusi hawezi kuishia hapo. Akiandika kwamba nondo ni mdudu "arukaye usiku", mwanafunzi atakayemkuta mdudu huyu mbuyuni au shambani atalazimika kumweka kwa nyuki au kwa vipepeo, na kote atakosea. Fasili iliyo salama ingetaja kwanza umbo, yaani magamba ya mabawani na mrija uviringwao, kisha ikaeleza tabia kwa neno "aghalabu". Neno hilo moja lingetosha kumrudisha nondo wa mchana katika jamaa yake.