Msimu wa 2013: Clare yatwaa ubingwa wa hurling Ireland

Ubingwa wa hurling wa Ireland mwaka 2013 ulichukuliwa na kaunti ya Clare, timu iliyofungwa mapema na Cork, ikakutana tena na Cork hiyohiyo fainalini, ikatoka nayo sare, na ndipo ikaishinda.

Hurling huchezwa na wachezaji 15 kila upande kwa dakika 70, kila mmoja na gongo lake la mbao lenye ncha bapa. Mpira ukiingia nyavuni ni goli, lenye thamani ya pointi 3. Ukipita juu ya mtambaa panya, kati ya nguzo, ni pointi 1. Hivyo 3-16 ni magoli 3 na pointi 16, jumla 25. Wachezaji hawalipwi mshahara, hata wale wanaojaza Croke Park, uwanja wa Dublin unaoingiza watazamaji zaidi ya 80,000.

Mwaka huo mabingwa wa majimbo ya Munster na Leinster walikwenda moja kwa moja nusu fainali. Waliofungwa fainali za majimbo walianzia robo fainali, na waliotolewa kabla ya hapo walipitia mechi za mchujo. Nafasi hiyo ya pili ndiyo iliyoubeba msimu mzima. Limerick ilitwaa Munster kwa mara ya kwanza tangu 1996, ikiifunga Cork. Dublin ikatwaa Leinster, jambo ambalo haikuwa imelifanya tangu 1961. Kilkenny, bingwa mara 9 kati ya 2000 na 2012, iliaga robo fainali mbele ya Cork baada ya nyota wake Henry Shefflin kutolewa kwa kadi nyekundu. Lakini mabingwa wote wawili wa majimbo walikwama nusu fainali: Cork iliitoa Dublin, na Clare, iliyotokea kwenye mchujo, ikaitoa Limerick.

Fainali ya Septemba 8 ilistahili kila sifa iliyopewa. Mlinda mlango wa Cork, Anthony Nash, alikuwa akipanda kupiga adhabu karibu na lango la wapinzani: aliurusha mpira mbele kwa gongo, akaufuata, akaupiga kwa nguvu akiwa amewakaribia mno mabeki. Katika dakika za nyongeza Patrick Horgan aliipa Cork uongozi wa pointi moja. Ndipo Domhnall O'Donovan, beki wa Clare ambaye hakuwahi kufunga pointi katika mechi ya ubingwa, akapanda mbele na kusawazisha. Clare 0-25, Cork 3-16: timu moja haikufunga goli hata moja, lakini hesabu ikalingana.

Mechi ilirudiwa Septemba 28. Kocha wa Clare, Davy Fitzgerald, alimwanzisha Shane O'Donnell, kijana wa miaka 19 aliyeambiwa siku hiyohiyo kwamba angeanza. O'Donnell alifunga magoli matatu kabla ya dakika ya 20, akamaliza na 3-3. Clare ilishinda 5-16 kwa 3-16, ubingwa wake wa nne baada ya 1914, 1995 na 1997.

Tony Kelly, naye wa miaka 19, alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka na pia kijana bora. Mwaka 2014 wasimamizi wa mchezo waliifafanua upya kanuni ya adhabu, na mpigaji akazuiwa kuusogelea ukuta wa mabeki kama alivyofanya Nash.