Sasisho Likiharibu Kompyuta: Njia ya Kurudi Nyuma

Jumanne, tarehe 9 Machi 2021, Microsoft ilitoa sasisho la mwezi la Windows 10, namba yake KB5000802. Haikuchukua muda malalamiko yakaanza. Mtu anafungua waraka wake, anabofya kitufe cha kuchapisha, na papo hapo skrini inageuka buluu, kompyuta inazima na kujiwasha upya. Waliokumbwa walikuwa wakitumia baadhi ya printa za Kyocera, Ricoh na Zebra, lakini printa hizo zilikuwa nzima. Kilichoanguka ni mfumo endeshi wenyewe.

Programu ya kawaida, kama ile ya kuandikia barua, hufanya kazi ndani ya mipaka yake. Ikikosea, inafungwa peke yake na nyingine zinaendelea. Kiini cha mfumo hakina mipaka hiyo, kwani kinafika kwenye kumbukumbu yote na vifaa vyote. Sehemu ya kazi ya kuchora herufi na picha hufanywa na faili liitwalo win32kfull.sys, nalo limo ndani ya kiini. Kosa likitokea humo, Windows husimamisha kila kitu kwa makusudi, maana kuendelea kungeweza kuharibu data.

Marekebisho yalitolewa Jumatatu iliyofuata, tarehe 15. Katikati hapo, wenye haja ya kuchapisha waliliondoa sasisho kwa mkono. Huenda ukajiuliza: kitu kilichokwisha kuingia hadi kwenye kiini kinaondolewaje bila kuubomoa mfumo mzima?

Siri iko kwenye folda ya WinSxS, iliyomo ndani ya folda ya Windows. Tangu enzi za Windows Vista, humo ndimo matoleo ya mafaili ya mfumo yanamowekwa, kila toleo na mahali pake. Faili unaloliona kwenye System32 mara nyingi ni jina la pili tu la data ileile iliyomo WinSxS. Sasisho halifuti la zamani. Linaweka toleo jipya kando yake, kisha jina linaelekezwa kwenye toleo hilo jipya, kama fundi wa magari anayefunga kipuri kipya huku cha zamani akikihifadhi kwenye sanduku. Kuondoa sasisho ni kulirudisha jina kwenye toleo la awali. Ndiyo maana kazi hii haili bando lako. Kuwasha upya ni lazima, kwa sababu mafaili ya kiini yanatumika muda wote mashine inapokuwa imewaka.

Kwenye Windows 11, fungua Settings, ingia Windows Update, kisha Update history, na chini kabisa utakuta Uninstall updates. Orodha inaonyesha namba za KB na tarehe. Sasisho lililoingia muda mfupi kabla ya tatizo kuanza ndilo la kushukiwa kwanza. Hakikisha namba yake kabla ya kubofya.

Kompyuta ikigoma kuwaka, bado kuna njia. Baada ya kushindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, Windows hufungua yenyewe skrini ya matengenezo. Chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, halafu Uninstall Updates. Hapo utaulizwa aina mbili: “quality update” ni lile la kila mwezi, na “feature update” ni toleo kubwa jipya la Windows. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, unaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute leo, mashine ikiwa bado inawaka.

Mlango huu haubaki wazi daima. Toleo kubwa huuacha mfumo wa zamani kwenye folda ya Windows.old, na kwa kawaida una siku 10 tu za kurudi. Matoleo ya zamani yaliyomo WinSxS nayo husafishwa. Kazi ya usafi husubiri angalau siku 30 ndipo iyaondoe. Yapo pia masasisho yasiyoondoleka kabisa, hasa yale yanayotengeneza chombo chenyewe kinachosimika masasisho.

Ukishaliondoa, usidhani limekwenda moja kwa moja. Windows Update italiona halipo na kulileta tena. Kwa hiyo simamisha masasisho kwa muda. Kitufe cha kusimamisha kinakupa hadi wiki tano.

Muda huo una gharama. Masasisho ya kila mwezi ya Windows 10 na 11 ni ya jumla: viraka vyote vimefungwa pamoja. Huwezi kutoa kosa la printa ukabakiza viraka vya usalama, unatoa vyote. Na kiraka kikishatangazwa, wahalifu wanakichambua ili wajue tundu lilikuwa wapi. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja katika mfumo wa kushirikisha mafaili. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, programu hasidi iitwayo WannaCry ilipitia tundu hilo na kushambulia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Kiraka kilikuwepo kwa karibu miezi miwili. Mashine nyingi hazikuwa nacho.

Basi pima ukubwa wa kosa. Kama ni kitufe kilichohama mahali pake, vumilia. Kama kompyuta haiwaki au kazi inayokupa riziki imekwama, liondoe, simamisha, kisha angalia kila baada ya siku chache kama marekebisho yametoka.

Kuna jambo moja ambalo njia hii haiwezi kabisa. Toleo kubwa la Windows 10 lililotoka tarehe 2 Oktoba 2018 lilifuta nyaraka na picha za baadhi ya watumiaji, na Microsoft ikasitisha usambazaji siku chache baadaye. Kuliondoa toleo hilo kuliurudisha mfumo wa awali, lakini hakukurudisha picha zilizofutwa. WinSxS hutunza mafaili ya Windows tu. Ya kwako yanahitaji nakala kwenye diski ya nje, iliyofanywa kabla ya sasisho kuingia.