Wati za kwenye boksi zisikudanganye

Uwe Nyamarambe kule Mugirango Kusini, Kisii, au hapa kwetu Mwembe Tayari, redio ya nyumbani huuzwa kwa namba kubwa ya kwenye boksi. Ukiona PMPO 5000, ipite. Tafuta RMS, yaani nguvu ambayo mashine hutoa mfululizo. Huioni? Geuza mashine usome nyuma: inayokula wati 60 za umeme haiwezi kutoa 5000, hata muuzaji aape.

Wengi huogopa amplifaya kubwa, kumbe ndogo nayo huua spika. Ya wati 20 ikilazimishwa kujaza ukumbi wa harusi, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, muziki hukwaruza, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, hutangulia kuungua. Kwa spika ya wati 50 RMS, chukua amplifaya ya 50 hadi 75, mradi mkono uwe na adabu. Ukisikia mkwaruzo, punguza papo hapo.

Halafu kuna omu. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huwa omu 4. Amplifaya isiyoruhusu omu 4 itachemka hadi ife. Hapo muulize fundi kabla ya kuwasha.

Na kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo sikioni. Spika ya desibeli 90 kwa wati moja, badala ya ya 87, inakupa ongezeko lile lile kwa amplifaya uliyo nayo.