Mlio masikioni: je, vidonge vya madini vinatibu?

Wasikilizaji wengi hutuuliza kuhusu mlio wa masikioni. Mtu anasikia kama nyenje, mluzi au mvumo, hasa usiku kukiwa kimya, na aliyelala pembeni yake hasikii kitu. Mara nyingi mtu huyo pia amepungukiwa na usikivu. Baadaye anauziwa kopo la vidonge vya zinki au magnesiamu, anaambiwa vitamponya.

Je, ni kweli? Kwa kifupi, hakuna ushahidi kwamba vidonge hivyo vinaondoa mlio huo. Tueleze kwa nini.

Mlio unatoka wapi?

Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojikunja kama konokono. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo vidogo mno, ambazo hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Uzee, kelele kubwa za muda mrefu na baadhi ya dawa huziharibu chembe hizo, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena.

Fikiria redio iliyopoteza stesheni. Ukiongeza sauti, unachopata ni mkwaruzo tu. Wataalamu wengi wanaamini kuwa ubongo nao hufanya hivyo: ukikosa sauti kutoka sikioni, hujiongezea nguvu ya kusikiliza, na mtu akasikia mlio. Kitaalamu hali hii huitwa tinitasi.

Kwa nini madini yalifikiriwa?

Zinki na magnesiamu zina kazi katika sikio la ndani, kwa hiyo watafiti walikuwa na sababu ya kuzijaribu. Mwaka 1994 huko Israel ulichapishwa utafiti wa wanajeshi wapya 300 waliokuwa wakifanya mazoezi ya risasi. Waliokunywa miligramu 167 za magnesiamu kila siku walipata madhara machache ya usikivu kuliko waliopewa kinywaji kisicho na dawa. Lakini hiyo ilikuwa kinga kwa vijana wenye afya, siyo tiba ya mlio uliokwishaanza.

Kuhusu zinki, mwaka 2016 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio matatu yenye jumla ya watu 209 wenye tinitasi. Haukupata ushahidi kwamba zinki inaipunguza. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 nao unawataka madaktari wasipendekeze zinki wala virutubisho vingine kwa tatizo hili.

Kuna madhara?

Yapo. Mtu mzima hashauriwi kuzidisha miligramu 40 za zinki kwa siku bila usimamizi wa daktari. Ukizidisha kwa muda mrefu, mwili hupungukiwa na madini ya shaba, na hapo unaweza kupata upungufu wa damu na ganzi miguuni. Zinki pia hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa, kama doxycycline na ciprofloxacin. Magnesiamu nyingi huharisha, na kwa mwenye ugonjwa wa figo ni hatari.

Angalizo kwa wazazi: zinki anayopewa mtoto kliniki akiharisha, pamoja na ORS, ni tiba sahihi. Mmalizieni siku 10 hadi 14 kama mlivyoelekezwa. Mtu mzima asiichukue kutibu masikio.

Nini kinasaidia?

Anza kituo cha afya, upimwe masikio. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba, na ikitolewa mlio unakwisha. Usichokonoe kwa kijiti wala kumimina mafuta ya moto.

Taja dawa zote unazotumia. Kwinini, sindano za gentamicin na aspirini nyingi zinaweza kuleta mlio. Hata hivyo, usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuzungumza na aliyekuandikia.

Kama usikivu umepungua, shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, huwapa wengi nafuu, kwa sababu ubongo hupata tena sauti za nje. Usiku, redio ya sauti ya chini huufanya mlio usisumbue sana. Ushauri nasaha pia husaidia wanaokosa usingizi au kuingiwa na hofu.

Ukifanya kazi kwenye mashine ya kusaga, uchomeleaji au karibu na spika kubwa, vaa vizibo vya masikio. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku inatosha kuharibu usikivu.

Usisubiri ukiona haya:

- Usikivu umepotea ghafla, ndani ya saa chache au siku tatu. Nenda siku hiyohiyo, kwani tiba ikichelewa huenda usikivu usirudi.
- Mlio uko sikio moja tu, au unadunda sawa na mapigo ya moyo.
- Kuna kizunguzungu kikali, usaha, au uso kulegea upande mmoja.

Kabla ya kununua kopo jingine la vidonge, tumia fedha hiyo kwa nauli ya kwenda kupimwa. Na kama kuna mzee nyumbani anayelalamika kuwa masikio yanamlilia, msomee makala haya.